Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utafiti wa tiba Kilimanjaro: Matibabu ya bure yasiwe ujira wa kukubali kuwa mshiriki

Kwa: Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na kamati yake ya kitaifa ya maadili, na wakurugenzi wa vituo vya utafiti wa tiba vinavyofanya kazi Moshi na wilaya jirani.

YAH: UTARATIBU WA WANANCHI KUPATA HUDUMA ZA BURE KATIKA VITUO VYA UTAFITI WA TIBA

Waheshimiwa,

Ninaandika nikiwa mkazi wa Old Moshi na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu, nafasi inayonifanya nisikie mapema kuliko wengi nani ameugua, nani ameshindwa kulipa na nani ameacha dawa kimyakimya. Kwa miaka ya karibuni wazee wenye presha na kisukari wamepunguza kuniuliza dawa zitafika lini zahanati. Wanachouliza sasa ni utafiti mwingine utaanza lini kuandikisha watu. Swali hilo linanitia wasiwasi. Mtu anayeutafuta utafiti kwa sababu ndio mlango pekee wa dawa aliobakiwa nao anatia saini fomu ya ridhaa akiwa hana pengine pa kwenda, na ridhaa ya namna hiyo ina upungufu hata kama kila ukurasa umesomwa mbele ya shahidi na kila kisanduku kimewekewa alama.

Ombi langu ni kwamba huduma ya bure inayotolewa na kituo cha utafiti itenganishwe na uamuzi wa mtu kushiriki au kutoshiriki, iwe na masharti yanayojulikana na umma, na isikatike siku mradi unapofungwa. Nimeona niandike kwa uwazi badala ya kupeleka barua ofisini kwa mmoja wenu, kwa kuwa jambo lenyewe limegawanyika kati yenu: mwenye kituo husema linamhusu mfadhili, mfadhili husema linaihusu Serikali, na Serikali husema mwenye kituo ana kibali chake. Sikitaji kituo chochote kwa jina, kwa sababu ninachokieleza ni desturi iliyozoeleka katika miradi mingi na si kosa la mlango mmoja.

Sina ugomvi na utafiti wenyewe. Moshi ni mji uliolelewa na tiba tangu Hospitali ya Rufaa ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971, na watu wa huku si wageni wa kupimwa wala kuhojiwa. Katika mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini vimejengwa vibanda vya kujaribia vyandarua, na watafiti wa chuo cha tiba cha hapa walishiriki katika majaribio makubwa ya vyandarua yaliyofanyika Muleba na Misungwi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina mpya ya chandarua chenye viuatilifu viwili, na ushahidi wa Misungwi ulikuwa miongoni mwa misingi ya pendekezo hilo. Matunda ya namna hiyo yanatufikia sote, hata sisi ambao hatukuwahi kuulizwa jina. Ninachokizungumzia ni kile kinachotokea katika miezi au miaka ambayo utafiti uko mlangoni kwetu.

Mfano wa utaratibu ninaoutaka hauko mbali. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na hadi leo inawatibu wagonjwa wengi wa ugonjwa huo, wakiwamo wachimbaji wa Mirerani ambao mapafu yao yameharibiwa na vumbi la migodi. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo imekuwa ikitibu kifua kikuu sugu, ugonjwa ambao kwa miaka mingi ulimtaka mgonjwa ameze dawa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi huku akichomwa sindano za kila siku kwa miezi kadhaa, sindano ambazo ziliwaacha baadhi yao wakiwa viziwi. Leo kuna mchanganyiko wa vidonge wa miezi sita uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, na usingepatikana bila wagonjwa waliokubali kushiriki utafiti katika nchi mbalimbali. Lakini dawa za kifua kikuu katika nchi hii hutolewa bure kwa kila mgonjwa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeombwa kushiriki utafiti anaweza kusema hapana, akarudi kitandani kwake, na jioni dawa zake zikaletwa kama kawaida, kwa sababu ni haki yake kwa utaratibu wa taifa na hazitoki mfukoni mwa mtafiti. Akisema ndiyo, tunaweza kuamini kwamba amesema ndiyo. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI na kuhudhuria kliniki ya tiba na matunzo: dawa zake ziko palepale, utafiti uwepo au usiwepo.

Sasa mlinganisheni mgonjwa huyo na mama wa miaka hamsini na kitu mwenye presha, anayelima migomba na kahawa kidogo, asiye na bima na ambaye bado hajafikia umri wa kuhesabiwa miongoni mwa wazee. Tangu Serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, sera imeweka misamaha kwa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, maskini waliothibitishwa na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya kudumu. Misamaha hiyo ni ya kweli na imeokoa watu wengi, lakini sisi tunaokaa kwenye kamati za zahanati tunajua kwamba barua ya mtendaji na muhuri wa ustawi wa jamii vinakufikisha kwa daktari bila kulipa, ila haviwezi kuweka dawa kwenye rafu isiyo na dawa. Unaandikiwa ukanunue duka la nje. Kifua kikuu, UKIMWI na malaria vina programu za taifa na fedha za Mfuko wa Dunia nyuma yake. Presha, kisukari na figo havina mfuko wa aina hiyo. Ndiyo maana utafiti wa presha unaotoa vidonge, vipimo na nauli ya kurudi nyumbani unapofika, mama huyo hauoni kama utafiti. Anaona hospitali imefunguliwa.

Hapo ndipo madhara yanapoanza, na kundi la kwanza la wanaoumia ni washiriki wenyewe. Ningependa wataalamu mlitazame jambo hili kwa macho ya mtu anayepanga foleni. Daktari anapomtibu mgonjwa humchagulia dawa anayoamini itamfaa yeye. Katika utafiti wa kulinganisha dawa, mshiriki hupangiwa kundi kwa kura, mara nyingi yeye na daktari wake wakiwa hawajui ni kundi lipi, na pengine kundi moja likapewa vidonge visivyo na dawa pale ambapo kamati ya maadili imeridhika kwamba hakuna atakayedhurika kwa kusubiri. Hayo yote yameandikwa kwenye fomu, tena kwa Kiswahili. Hata hivyo mtu aliyekuja kutafuta tiba husikia tiba, na mhudumu aliyevaa koti jeupe, akimpima presha kwa upole ambao hajawahi kuuona kwenye foleni nyingine, anamthibitishia hivyo bila kukusudia. Kumwambia mtu huyo kwamba yuko huru kujitoa wakati wowote ni kumwambia kwamba yuko huru kukosa dawa wakati wowote.

Kundi la pili ni la waliopimwa wakakataliwa, na hawa si wachache. Kila utafiti una vigezo, na kwa sababu za kisayansi ninazozielewa, vigezo hivyo mara nyingi huwaacha nje walio wagonjwa zaidi: mwenye figo dhaifu, mwenye maradhi mawili kwa pamoja, mjamzito, mzee sana. Nimewaona wakirudi kijijini na plasta mkononi mahali palipotolewa damu, wakijua tu kwamba hawakukidhi vigezo. Sukari yao ilikuwa ngapi, figo zilisomekaje, waende wapi kesho, hawana karatasi inayosema. Wakifika zahanati, mganga wetu anaanza upya na vifaa alivyonavyo, ambavyo si vingi. Maabara ya kituo imeshapata jibu ambalo lingemsaidia, nalo linalala kwenye kompyuta likiwa na namba badala ya jina. Kulichapisha jibu hilo na kumkabidhi mwenye damu hakuhitaji mfadhili mpya.

Kundi la tatu ni wale waliomaliza. Mradi hufungwa, hafla fupi hufanyika, washiriki hushukuriwa na kupewa barua ya kuendelea na matibabu katika kituo cha karibu. Barua hizo huishia mikononi mwetu. Inaandikwa dawa ambayo zahanati haijawahi kuwa nayo, wakati mwingine dawa isiyopatikana hata katika hospitali ya wilaya, na mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa imetulia kwa muda wote wa mradi anarudi pale alipokuwa. Chama cha Madaktari Duniani, katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lililofanyiwa marekebisho ya karibuni mwezi Oktoba 2024, kinataka mpango wa kuwahudumia washiriki baada ya jaribio uandaliwe kabla jaribio halijaanza, uwahusishe wale ambao bado wanahitaji tiba iliyoonekana kuwa na manufaa na salama, na washiriki waelezwe mpango huo wakati wa kuombwa ridhaa. Miradi inayoombewa kibali kwenu hulitaja azimio hilo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, ni wangapi kati ya washiriki bado wanameza dawa.

Najua majibu ambayo yametayarishwa, maana tumeyasikia mikutanoni, na mengine yana uzito. Jibu la kwanza ni kwamba fedha za mfadhili zimefungwa katika mafungu na haziwezi kumtibu jirani asiye mshiriki. Ni kweli zikishafungwa. Lakini bajeti huandikwa kabla ya kibali kutolewa, na kamati ya maadili ina mamlaka ya kuirudisha isiyo na fungu la huduma kwa waliopimwa na kukataliwa na kwa miezi ya mpito baada ya mradi. Mfadhili anayelipia magari, bima ya washiriki na safari za wataalamu hawezi kushindwa na karatasi za rufaa na vidonge vya miezi michache.

Jibu la pili ni kwamba kuwatibu majirani kutaharibu matokeo, hasa pale utafiti unapolinganisha vijiji vinavyopata huduma mpya na vile visivyopata. Hili nalikubali kwa aina hiyo ya tafiti, na hapo suluhisho ni kuimarisha zahanati za pande zote mbili kwa kiwango kilekile, jambo ambalo halitaharibu ulinganisho wowote. Hata hivyo utafiti wa aina hiyo ni mmoja kati ya mingi, na hoja hii isitumike kufunga milango yote.

Jibu la tatu ni hofu ya msongamano: wakisikia ni bure watakuja kutoka Rombo hadi Same. Kusema kweli hata mimi sitaki kituo cha utafiti kigeuke zahanati ya pili yenye rangi mpya, kwa sababu mwaka ambao fedha zitakwisha tutabaki na zahanati moja iliyosahauliwa na wagonjwa waliozoea kwingine. Ndiyo maana siombi mlango uachwe wazi kwa kila anayepita. Ninaomba siku maalumu katika wiki kwa wakazi wa kata zinazokizunguka kituo, wakija na karatasi ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya, kwa ajili ya vile vipimo ambavyo kituo tayari kina mashine zake na sisi hatuna: picha ya kifua, vipimo vya figo, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kipimo cha makohozi cha kisasa. Majibu yarudi kwa mganga aliyemtuma mgonjwa. Kwa njia hiyo zahanati inaheshimiwa badala ya kurukwa, na asiyekuja na karatasi anaelekezwa akaanzie pale. Katika mila za huku mlimani, mfereji wa asili ukipita shambani kwa mtu, yeye hanyweshi migomba yake kisha akawafungia walio chini. Kuna zamu, na zamu inajulikana.

Kujulikana kwa zamu ndiko kunakokosekana kuliko hata fedha. Hakuna mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kusoma kwamba katika kituo fulani huduma fulani ni bure, kwa watu fulani, hadi tarehe fulani. Habari hupita mdomo kwa mdomo kwenye daladala na baada ya ibada, na ikifika kwa mtu wa nne imeshakuwa kwamba kuna wazungu wanagawa dawa, au kwamba kuna watu wananunua damu. Hadithi za mumiani hazikuisha na wakoloni. Hurudi kila mahali ambapo damu inatolewa na sababu yake haijabandikwa ukutani. Bango moja kwenye geti la kituo na lingine katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili cha kawaida, likieleza kinachotolewa bure kwa kila mkazi, kinachotolewa kwa washiriki tu, lini kitakoma, na namba ya ofisi ya kamati ya maadili iliyotoa kibali, lingezima maneno mengi. Liseme pia wazi kwamba anayekataa kushiriki hapotezi huduma yoyote iliyotajwa kuwa ya wote.

Kwa hiyo kwa kamati ya kitaifa ya maadili, ninaomba kibali cha utafiti wowote unaotoa dawa au vipimo kiambatane na sharti la majibu ya maandishi na rufaa kwa kila aliyepimwa, na taarifa ya hali ya washiriki mwaka mmoja baada ya kufunga, taarifa ambayo nakala yake ifike kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na katika halmashauri zilizohusika. Anayeandikisha washiriki asiwe ndiye anayetoa huduma ya siku ya majirani, na meza zao zisiwe katika chumba kimoja, ili mtu aliyefuata picha ya kifua asijikute anaombwa saini.

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, ninaomba dawa inayotumika katika utafiti ilinganishwe mapema na dawa ambazo zahanati na vituo vyetu vya afya huagiza kutoka Bohari ya Dawa. Pale utafiti unapotumia dawa isiyokuwemo, mpango wa kumhamisha mshiriki kwenda kwenye dawa iliyopo uanze akiwa bado anaonwa na daktari wa mradi, si siku anapokabidhiwa barua. Maofisa ustawi wa jamii wapewe orodha ya washiriki wasio na uwezo, kwa ridhaa yao, ili barua za msamaha ziwe tayari kabla mradi haujafungwa.

Kwa Mheshimiwa Waziri, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inatambua kwamba wapo wasioweza kujilipia na inaweka mfuko kwa ajili yao. Siku mama niliyemtaja atakapokuwa na kadi inayompa dawa ya presha katika zahanati yake, sehemu kubwa ya barua hii itakuwa haina kazi, kwa sababu atakapoombwa kushiriki utafiti atakuwa kama mgonjwa wa Kibong'oto: mwenye dawa zake tayari, anayeamua kwa kuupenda utafiti au kutoupenda. Wakati utekelezaji unaendelea, ninaomba wizara iwahesabu wagonjwa wa presha na kisukari waliomaliza tafiti miongoni mwa watakaotangulizwa. Wao tayari wana kumbukumbu kamili za ugonjwa wao, na wao ndio waliotoa damu iliyowasaidia wataalamu kujua nini kiwekwe katika kitita cha huduma za bima.

Kwa wakurugenzi wa vituo, mengi ya niliyoyaomba yako ndani ya uwezo wenu bila kusubiri waraka wowote: bango, karatasi ya majibu, siku moja ya wiki, chumba cha pili. Mkianza ninyi, kamati za zahanati ziko tayari kupanga orodha za rufaa na kuwaeleza watu wetu nani aende na nani asubiri.

Ninaomba majibu yenu yatumwe kwa maandishi katika ofisi za kata zinazozunguka vituo hivyo, yapate kusomwa katika mikutano mikuu ya vijiji ijayo. Kama yapo ambayo hayawezekani, yasomwe hayo pia pamoja na sababu zake, ili wazee wanaosubiri utafiti mwingine uandikishe waanze mapema kutafuta njia nyingine ya kupata dawa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati,
Old Moshi, Wilaya ya Moshi,
Kilimanjaro.